Padre Angelo Secchi: Mwalimu wa Fizikia Aliyekabidhiwa Nyota



Vijana wenzangu, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wengi wenye alama nzuri za sayansi wanakimbilia udaktari na uinjinia. Lakini huwa wapo wachache ambao macho yao yako juu angani. Hao wana shida yao ya peke yao. Wanajaza fomu za chuo huku wanajiuliza: nisome astronomia au nisome astrofizikia? Halafu wakisema nyumbani, mama anashtuka: kwani hiyo si mambo ya nyota, ya kupiga ramli?

Tuanze kwa kumtuliza mama. Kutabiri maisha ya mtu kwa nyota ni jambo ambalo Kanisa linalikataza, na Katekisimu inalitaja waziwazi. Sisi hatuzungumzii hilo. Astronomia ni elimu ya kutazama vilivyo angani na kuvipima: kiko wapi, kinakwendaje, kiko mbali kiasi gani. Astrofizikia inachukua sheria za fizikia na kuuliza: nyota imeundwa na nini, ina joto gani, kwa nini inang'aa, inazaliwaje na inakufaje. Siku hizi elimu hizi mbili zimeshikana kama vidole vya mkono mmoja. Ila miaka mia mbili iliyopita ile ya pili haikuwepo kabisa. Na mmoja wa watu walioizaa alikuwa padre aliyekuwa anaadhimisha Misa na kusali sala za vipindi kila siku kama mapadre wako wa parokia.

Leo nataka tumfahamu. Anaitwa Padre Angelo Secchi, wa Shirika la Yesu. Hajatangazwa mtakatifu, na simleti hapa kama mtakatifu. Namleta kama kaka mkubwa aliyepita njia ambayo wewe unaiogopa.

Mtoto wa seremala

Angelo alizaliwa Juni 1818 katika mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alikuwa mtu wa vitendo, hata kushona na kufuma alihakikisha mwanawe anajua. Usicheke. Mikono iliyozoea kazi ndogondogo za nyumbani ndiyo iliyokuja kutengeneza na kurekebisha vyombo vya sayansi.

Alisoma katika shule ya Wajesuiti hapohapo mjini kwao. Novemba 1833, akiwa na miaka 15 tu, alikwenda Roma kuanza unovisi. Walimu wake waliona mapema kwamba kijana huyu ana kichwa cha hesabu na fizikia. Mwaka 1841 wakampeleka Loreto, ule mji wenye Nyumba Takatifu ya Bikira Maria, akafundishe fizikia. Alifundisha mpaka 1844, akaitwa Roma kusoma teolojia, na Septemba 1847 akapewa daraja la upadre.

Kumbuka jambo moja hapa, maana ndilo lenye uzito: huyu alikuwa mtu wa fizikia. Kazi yake ilikuwa umeme, sumaku, joto na mwanga. Kazi ya nyota ilikuwa na wenyewe.

Mlango uliofungwa

Upadrisho haujatimiza hata mwaka, mambo yakaharibika. Mwaka 1848 mapinduzi yalienea Ulaya nzima, na Wajesuiti wakafukuzwa Roma. Padre kijana, ambaye angekuwa amekaa darasani na wanafunzi wake, akajikuta mkimbizi. Kwanza alikwenda Stonyhurst, Uingereza, kwenye shule ya Wajesuiti. Baadaye mwaka huohuo akavuka bahari hadi Georgetown, kando ya Washington, Marekani.

Kwa macho ya kibinadamu hiyo ni hasara tupu. Lugha ngeni, chakula kigeni, nchi yake inawaka moto. Lakini hebu angalia alichokikuta. Georgetown ilikuwa na kituo cha kutazamia nyota, kikiongozwa na Mjesuiti mwingine, Padre James Curley. Kule Washington alikuwepo pia Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa anachora ramani za pepo na mikondo ya bahari. Secchi akafahamiana naye, na kwake akapata mapenzi ya elimu ya hali ya hewa na bahari ambayo hayakumtoka tena. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi yake ya fizikia, akiandika utafiti juu ya umeme.

Wakati huohuo London kulikuwa na msiba. Padre Francesco de Vico, mkuu wa kituo cha nyota cha Chuo cha Roma, mtu aliyejulikana kwa kugundua nyota-mkia, alikuwa naye uhamishoni. Novemba 1848 akafariki humohumo ugenini. Sasa nani arithi kituo? Jina lililotajwa lilikuwa la yule mwalimu wa fizikia aliyeko Marekani.

Mwaka 1849 Secchi alirudi Roma. Mwaka 1850 akakabidhiwa kituo. Alikuwa na miaka kama 32, na kazi aliyopewa haikuwa ile aliyoisomea.

Uchaguzi wake

Hapa ndipo swali lako na maisha yake yanapokutana.

Astronomia ya wakati ule ilikuwa kazi ya vipimo. Mtaalamu aliyeheshimika alikuwa yule anayeweza kusema nyota fulani ipo mahali fulani kwa usahihi wa kushangaza. Kuuliza nyota imeundwa na nini kulionekana kwa wengi ni kupoteza muda. Mwanafalsafa Mfaransa, Auguste Comte, aliandika mwaka 1835 kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zina kemikali gani ndani yake. Na kwa kweli, nani angekwenda huko akachukue kipande?

Basi Secchi angeweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Angeweza kusema: mimi ni mtu wa fizikia, kazi hii si yangu, mtafuteni mwingine. Au angeweza kuiweka fizikia kabatini, akawa mwanaastronomia kama wenzake. Hakufanya hilo wala lile. Alikubali kazi aliyopewa na wakubwa wake, akaifanya kwa uaminifu wote, na ile karama aliyokuwa nayo hakuizika.

Kwanza aliwapatia nyota nyumba. Kituo cha zamani kilikuwa hakifai, vyombo vinatikisika. Kanisa la Mtakatifu Inyasi, lililoungana na Chuo cha Roma, lilikuwa limejengewa nguzo nene za kubeba kuba kubwa, lakini kuba lenyewe halikujengwa kamwe. Ukiingia leo na kutazama juu, kuba unaloliona ni mchoro tu. Secchi akaona nguzo zile ndizo msingi imara anaoutafuta, na kufikia mwaka 1852 kituo kipya kikawa juu ya paa la kanisa. Ibada chini, darubini juu. Mwaka 1854 akafunga darubini mpya ya Merz kutoka Ujerumani, yenye lenzi ya upana wa sentimita 24.

Halafu akafanya kazi ya kawaida ya astronomia, ile ya subira. Alipima nyota pacha, zile zinazoonekana mbili mbili zikizungukana, akachapisha orodha yake mwaka 1859. Alichora Mwezi, akachora Mirihi. Hata alipima ardhi kandokando ya barabara ya kale ya Via Appia, kwa ajili ya ramani. Hiyo ni miaka karibu kumi ya kazi za namna hii. Vijana tunapenda kuruka hatua hii, jamani.

Mwanga unaposema

Mwaka 1859 habari ilitoka Heidelberg, Ujerumani. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walikuwa wamegundua kwamba kila elementi, ukiichoma, inatoa mwanga wenye mistari yake yenyewe, kama alama ya kidole. Ukiupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ile prizimu ya maabara ya shule, utaona rangi za upinde wa mvua zikikatwa na mistari myeusi. Mistari hiyo ndiyo alama za vidole vya vitu vilivyomo kwenye Jua. Kwa hiyo si lazima uende kwenye nyota. Nyota yenyewe inakuletea barua kila usiku, ila lazima ujue kuisoma.

Wataalamu wengi wa astronomia walihitaji kwanza kujifunza fizikia ndipo waielewe habari hiyo. Secchi alikuwa ameifundisha tangu Loreto. Yale yaliyoonekana kama njia iliyopotea yakawa ndiyo maandalizi yake.

Kuanzia miaka ya 1860 mwanzoni akaanza kuunganisha kifaa cha kugawa mwanga na darubini yake juu ya paa la kanisa. Usiku baada ya usiku, nyota moja baada ya nyingine. Alipitia nyota kama 4,000. Fikiria hakuna kompyuta, na picha za nyota zilikuwa bado changa. Ni jicho, kalamu na baridi ya usiku.

Akaona kwamba nyota, pamoja na wingi wake, zinaingia katika makundi machache. La kwanza ni nyota nyeupe zenye mistari mizito ya haidrojeni, kama Sirius na Vega. La pili ni za manjano, ndugu wa Jua letu, kama Capella. La tatu ni nyekundu zenye mikanda mipana ya giza, kama Betelgeuse na Antares. Mwaka 1868 akaongeza la nne, nyota nyekundu sana na hafifu zenye dalili za kaboni. Baadaye likaja la tano, la nyota chache ambazo mistari yake inang'aa badala ya kuwa myeusi. Wataalamu waliomfuata walipanga upya makundi hayo kwa undani zaidi, lakini wazo la kuzipanga nyota kwa mwanga wake lilitoka kwenye paa lile.

Unaweza kulijaribu mwenyewe. Mwezi wa pili, saa mbili usiku, toka nje sehemu isiyo na taa nyingi. Utaona nyota tatu zimepangana mstari mmoja. Upande mmoja wa mstari huo kuna nyota kubwa yenye wekundu: hiyo ni Betelgeuse. Ufuate mstari wenyewe kuelekea mashariki kusini, utaikuta Sirius, nyeupe na kali kuliko zote. Ile tofauti ya rangi unayoiona kwa macho, Padre Secchi aliichukua na kuuliza kwa nini.

Na jibu alilolipata liligusa imani yake. Haidrojeni iliyoko Sirius ni ileile iliyomo kwenye maji ya mtungi wa bibi yako. Dunia na mbingu ni udongo wa mfinyanzi mmoja. Kwa Secchi hilo halikuwa jambo la kumwondoa Mungu, lilikuwa sababu ya kumsifu.

Mtu wa kazi, si malaika

Usidhani alikaa juu tu. Mwaka 1865 Alessandro Cialdi, mkuu wa jeshi la majini la Baba Mtakatifu, alimwomba msaada wa kupima uangavu wa maji ya bahari. Secchi akapanda meli ya Papa na kushusha visahani baharini kwa kamba, akiangalia kila kimoja kinapotea machoni kwa kina gani. Kifaa hicho rahisi kinaitwa kisahani cha Secchi mpaka leo. Watafiti wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika wanakitumia kupima maji. Mvuvi wa Mwanza au wa Kigoma huenda amekiona bila kujua kinabeba jina la padre.

Mwaka 1867 alipeleka Paris, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, mashine aliyoibuni ya kuandika hali ya hewa yenyewe, mchana na usiku: joto, upepo, mvua, mgandamizo wa hewa. Akatuzwa kwa heshima kubwa.

Alikosea pia. Kitabu chake cha mwaka 1864 juu ya umoja wa nguvu za maumbile kiliegemea wazo la etha, kitu kilichodhaniwa kujaza anga lote. Sayansi ililiacha wazo hilo baadaye. Nasema hivi ili usije ukamchukua kama sanamu. Mtu anaweza kukosea ukurasa huu na bado akafungua njia kwenye ukurasa ule.

Saa ya kujaribiwa

Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliingia Roma, na utawala wa Papa juu ya mji ukaisha. Serikali mpya haikuwapenda Wajesuiti, lakini ilimtaka Secchi. Jina lake lilikuwa kubwa Ulaya nzima. Alipewa nafasi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Roma elimu ileile aliyosaidia kuizaa.

Weka moyo wako hapo. Maisha yako yote umejenga kitu, sasa unapewa kiti chake, mshahara wake na heshima yake. Bei yake ni kuonekana umewaacha ndugu zako wa shirika na Baba Mtakatifu katika saa yao mbaya. Alivutwa, hakuwa jiwe. Lakini mwisho aliikataa nafasi hiyo. Akabaki Mjesuiti, akabaki mwaminifu kwa Papa, na akabaki na darubini yake.

Mwaka 1873 sheria ya kutaifisha nyumba za mashirika ya kitawa ikafika Roma, na Chuo cha Roma kikachukuliwa. Wakamwacha yeye kwenye kituo chake, kwa heshima ya jina lake. Alikuwa analala na kufanya kazi katika nyumba ambayo haikuwa tena ya ndugu zake. Wala hakuwakataa wanasayansi wa upande wa pili. Mwaka 1871 alikuwa ameshirikiana na Pietro Tacchini, mtumishi wa kituo cha serikali, kuanzisha chama cha Waitalia wanaochunguza mwanga wa nyota na Jua, miongoni mwa vyama vya kwanza duniani vya astrofizikia. Siasa iliwagawa, ila mwanga wa Jua uliwaweka meza moja.

Ugonjwa wa tumbo ulimmaliza. Alifariki tarehe 26 Februari 1878, akiwa na miaka 59, wiki chache tu baada ya Papa Pio IX. Mwaka uliofuata serikali ikachukua kituo chenyewe. Lakini mwaka 1891 Papa Leo XIII alianzisha upya kituo cha nyota cha Vatikani, na Wajesuiti wanakihudumia hadi leo.

Sasa wewe na fomu yako

Turudi kwenye fomu yako. Astronomia au astrofizikia?

Ukimwangalia Secchi, utaona kwamba jina la kozi halikumfikisha popote. Alifikishwa na mambo mawili: msingi mzuri wa fizikia na hesabu, na kukubali kazi iliyokuwa mbele yake. Vyuo vingi leo vinaziweka elimu hizi mbili katika shahada moja. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kimekuwa na shahada yenye majina yote mawili. Mahali pengine utasoma fizikia ya kawaida, na nyota utazikuta kwenye shahada ya pili. Usikate tamaa ukipata fizikia tupu. Hiyo ndiyo njia aliyoipita yeye.

Kama unapenda kutazama, kupima, kukesha na darubini na kupanga data, soma kwa makini masomo ya uangalizi ndani ya kozi hiyo. Kama kinachokunyima usingizi ni kwa nini nyota inawaka, kaza kwenye fizikia ya joto, mwanga na atomu. Lakini usiogope kwamba ukichagua moja umeifunga nyingine. Waliozifungua zote walizichanganya.

Na kwa upande wa imani, usijiulize tu utapata nini. Jiulize ni karama gani Mungu amekupa ambayo unakaribia kuizika kwa sababu nafasi uliyoipata haikufanana na ndoto yako. Huenda umepangiwa chuo usichokitaka. Huenda ada imekosekana na umebaki nyumbani mwaka mzima. Secchi alifukuzwa nchi, akapewa kazi isiyo yake, na Mungu akatumia vyote. Ongea na mwalimu wako, ongea na wazazi, ongea na padre wako, halafu piga magoti.

Tusali: Ee Mungu, uliyeziumba nyota na kuzijua kwa majina, utujalie kuipokea kazi unayotupa, na kutozika karama uliyotutia. Wale wanaochagua masomo mwaka huu uwaongoze, na wale waliofungiwa mlango uwaonyeshe njia yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.